Mashine ikiua, nani atajibu mbele za Mungu?



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, niliwakuta vijana wanne chini ya mwembe ulio nje ya kanisa letu, wameinamia simu moja. Nilidhani wanatazama mpira. Nilipochungulia nikaona askari mmoja katika vita vya Ukraine, amekaa peke yake ndani ya handaki. Kilichokuwa kikimpiga picha ni ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo wengi tunaiita droni. Askari akainua uso, akaiona, akapunga mikono kama mtu anayeomba. Kisha picha ikakatika. Vijana wakacheka, na mmoja akasema, "Kwisha habari yake!"

Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumepeana mikono ya amani kanisani. Sikuwagombeza, kwa sababu nami niliitazama video ile mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: yule mtu aliuawa na nani? Aliyemwua hakumkaribia. Alikuwa kilomita kadhaa mbali, amevaa miwani yenye kioo cha video, ameshika kifaa kinachofanana na cha watoto kuchezea gemu. Ni rahisi mtu kama huyo kujiambia kwamba mikono yake ni safi.

Biblia inalijua jambo hili. Soma 2 Samweli sura ya 11. Ulikuwa msimu wa vita, lakini mfalme Daudi alibaki Yerusalemu. Baada ya kumchukua mke wa Uria, aliandika barua kwa Yoabu kwamba Uria awekwe mahali penye mapigano makali, kisha wenzake wamwache. Kama kwamba hilo halitoshi, barua yenyewe akampa Uria aibebe. Daudi hakugusa upanga. Waliorusha mishale walikuwa Waamoni ukutani. Habari zilipofika, mfalme akajibu kwa utulivu kwamba vita ndivyo vilivyo, upanga haumchagui mtu.

Lakini Mungu hakuhesabu umbali. Alimtuma nabii Nathani na mfano wa tajiri aliyechukua mwanakondoo wa maskini. Daudi alipowaka hasira, Nathani akamwambia kuwa mtu huyo ni yeye mwenyewe. Mbele za Mungu muuaji hakuwa mshale wala Mwamoni aliyeurusha. Alikuwa ni yule aliyeamua.

Shika neno hilo, msomaji wangu: aliyeamua. Maana hapo ndipo dunia yetu inapopita sasa.

Huko Ukraine droni ndogo ya kushambulia huweza kugharimu dola mia chache tu. Kila upande unajifunza kuvuruga mawasiliano ya redio ili droni za adui zipotee. Watengenezaji wanajibu kwa kuiwekea droni akili mnemba, ili mawasiliano yakikatika iweze kumfuata mlengwa wake na kumaliza kazi yenyewe. Bado mara nyingi kuna mtu aliyeichagua shabaha mwanzoni. Lakini kila hatua inamsogeza mtu huyo kando kidogo, na hatua ya mwisho inaonekana: silaha inayotafuta, inayochagua na kuua bila mtu yeyote kuamua. Siku hiyo Nathani atamnyoshea nani kidole? Kamanda atasema ni programu. Mtengenezaji atasema ni jeshi. Na programu haiwezi kutubu.

Nikukumbushe mtu mmoja ambaye pengine hujawahi kumsikia. Usiku wa Septemba 26, 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov wa jeshi la Kisovieti alikuwa zamu katika kituo cha siri kusini mwa Moscow. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo iliyopokea taarifa za setilaiti. Baada ya saa sita usiku king'ora kikalia: Marekani imerusha kombora. Punde likaongezeka la pili, la tatu, la nne, la tano. Ulikuwa wakati mbaya sana. Wiki chache tu nyuma, ndege ya Kisovieti ilikuwa imeiangusha ndege ya abiria ya Korea Kusini na kuua watu wote 269. Kila upande ulikuwa umeshika roho mkononi.

Mtambo ulisema una uhakika. Petrov akafikiri. Anayeanzisha vita vya nyuklia haanzi na makombora matano. Mtambo wenyewe ulikuwa mpya, na rada za ardhini hazikuona kitu. Akawaarifu wakubwa wake kwamba ni taarifa ya uongo, kisha akasubiri dakika zile ndefu, asijue kama yuko sahihi. Alikuwa sahihi. Baadaye ilibainika kuwa mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ndio uliozidanganya setilaiti. Petrov hakupewa nishani. Alikemewa kwa kutojaza vizuri daftari la zamu. Alifariki mwaka 2017.

Mimi na wewe huenda tupo hai leo kwa sababu kati ya mashine na maangamizi palikuwa pameachwa nafasi ya mtu mmoja kusema hapana. Nafasi hiyo ndiyo inayozibwa sasa.

Wapo watakaosema, "Mchungaji, mashine ni afadhali. Haichoki, haina chuki, hailipizi kisasi wala haibaki wanawake." Hoja hiyo siidharau, maana askari wa damu na nyama wametenda mambo ya kutisha. Tena taifa linalovamiwa lina haki ya kujilinda, na askari anayelilinda simhukumu. Lakini asiye na chuki kwa sababu hana moyo, hana huruma pia. Yule askari wa handakini alipopunga mikono, mtu angeweza kumhurumia. Mashine ingeona shabaha inayotikisika.

Usiseme haya ni ya Ulaya. Nchini Sudan, Septemba 2025, droni ilipiga msikiti mjini El Fasher wakati wa swala ya alfajiri, na watu zaidi ya 70 wakauawa. Walikuwa mbele za Mungu, kama wewe asubuhi ya leo. Na uranium nyingi iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya nyuklia ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwa jirani zetu wanaoongea lugha hii hii unayoisoma. Afrika imewahi kubeba barua ya Uria bila kujua kilichoandikwa ndani.

Mataifa hayajalala kabisa. Mazungumzo kuhusu silaha hizi yalianza Geneva mwaka 2014. Desemba 2024, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi 166 ziliunga mkono azimio la kuyaendeleza, na tatu zikapinga. Katibu Mkuu António Guterres ametaka mkataba wa kuzipiga marufuku silaha zinazoua bila usimamizi wa binadamu uwe umepatikana kufikia mwaka 2026. Papa Fransisko naye, alipozungumza na wakuu wa nchi za G7 nchini Italia Juni 2024, alisisitiza kwamba mashine isiachiwe kamwe kuchagua kuutoa uhai wa mtu. Lakini azimio si mkataba, na wenye viwanda vikubwa vya silaha hawana haraka.

Sasa wewe na mimi tufanye nini? Kwanza, video ya mtu akifa ikikufikia kwenye simu, usiisambaze na usiicheke. Yule ni mtoto wa mtu, naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Pili, mzazi mwenye kijana anayesomea kompyuta, zungumza naye mapema. Mwambie ipo kazi yenye mshahara mnono ambayo Mkristo anaweza kuikataa. Tatu, wachungaji na mapadri, tunapowaombea viongozi wetu, tuwaulize pia wanasimama wapi katika mazungumzo hayo. Viti vyao wanavikalia kwa niaba yetu.

Jumapili hii nitawatafuta wale vijana wanne. Nitawaomba tukae tena chini ya mwembe, tuisome habari ya Uria, na nitaanza kwa kukiri kwamba nami nilitazama.

Ee Bwana, utupe moyo unaoweza kusema hapana wakati mitambo yote inasema ndiyo. Amina.

Jumapili njema.