Kosa likionekana kwenye kifaa kidogo, dawa si kukifungia mlango

ALIMBONGO, wilayani Lubero – Waliokimbia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, na waliopanda barabara kuelekea Lubero na Butembo vita vilipofika Alimbongo Desemba mwaka huohuo, walibeba kile ambacho mikono iliweza: godoro, sufuria, mtoto, simu. Kwa familia iliyotawanyika, simu ndiyo inayosema nani amefika Butembo na nani bado yuko njiani. Ndiyo pia redio, pale redio yenyewe ilipobaki nyumbani. Nyingi ni simu za bei ya chini, na si chache zimepita mikono miwili mitatu kabla ya kufika kwa mwenyewe wa sasa.

Kila simu ya Android, iwe Tecno, Itel au nyingine, ina ndani yake programu iitwayo Linux. Hiyo ndiyo kiini: inaamrisha betri, kioo, sauti na mtandao. Visanduku vingi vya wifi navyo vinaendeshwa na Linux hiyohiyo. Wanaoiandika wako mbali na Lubero, na wengi wao ni watu wa kazi nzuri. Lakini kuna tabia moja kati ya baadhi yao inayostahili kulaumiwa waziwazi, kwa sababu hasara yake inaangukia wenye vifaa vidogo, na wenye vifaa vidogo hawaulizwi.

Ieleweke kwanza kazi yenyewe ilivyo. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi nchini Finland. Leo ina mistari zaidi ya milioni 30. Toleo jipya linatoka kila baada ya wiki 9 au 10, na kila toleo linabeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Mtu anaandika badiliko lake kwa lugha ya C, kisha programu nyingine, kompaila, inageuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine. Maandishi yakiwa na kasoro, kompaila inagoma na Linux haijengeki. Katika makosa yote ya programu hili ndilo lenye huruma, maana linajitokeza kabla kifaa hakijafika sokoni.

Shida ni kwamba mwandishi hujaribu kazi yake kwenye mashine yake mwenyewe, na mashine yake kwa kawaida ni kompyuta kubwa ya bita 64. Kwake inajengeka, anaituma, anakwenda kulala. Hapo ndipo inapoingia roboti. Kampuni ya Intel ina mitambo inayochukua mabadiliko yanayotumwa na kuyajenga kwa aina nyingi za prosesa, zikiwemo za bita 32 zilizomo ndani ya vifaa vya bei nafuu. Likitokea kosa, roboti inamwandikia barua mhusika: faili hili, mstari huu, kompaila hii, na hatua za kulirudia kosa mpaka alione kwa macho yake. Haidai malipo. Inaomba tu marekebisho yataje kwamba yeye ndiye aliyetoa taarifa.

Kabla na kando ya roboti hiyo, Stephen Rothwell wa Australia alianzisha mwaka 2008 mti uitwao linux-next, ambamo kila siku ya kazi aliunganisha mabadiliko ya wasimamizi wote na kuyajenga. Tawi lililovunja ujenzi aliweza kuliweka kando na kutumia lile la jana mpaka mwenyewe atengeneze. Hakuna aliyependelewa. Kuna serikali ambazo zingefaidika kwa utaratibu huo.

Makosa yanayokamatwa ni ya aina gani? Mengi ni madogo mno. Prosesa ya bita 32 haina njia ya moja kwa moja ya kugawanya namba ndefu ya bita 64. Kompaila inaita msaidizi, na ndani ya Linux msaidizi huyo hayupo. Kwenye mashine kubwa mgawanyo uleule unapita bila neno. Dawa inajulikana tangu zamani: Linux ina kazi maalumu ya kugawanya, iitwayo div_u64, na anayeitumia anabadilisha mstari mmoja au miwili. Aina nyingine ni ya aliyezoea chumvi ya jirani. Mwandishi anatumia kitu ambacho faili lake halikuomba, kwa kuwa faili jingine lilikuwa limeshakileta. Kwenye prosesa ya aina nyingine jirani hayupo, na sufuria inabaki bila chumvi. Hapa nako dawa ni mstari mmoja: aombe mwenyewe anachohitaji.

Sasa lawama. Badala ya mstari huo, baadhi huandika mstari mwingine, ule unaosema sehemu hii ya Linux ni ya bita 64 pekee. Roboti inanyamaza papo hapo, kwa kuwa haina tena cha kujenga. Kwenye karatasi kosa limekwisha. Kwa kweli hakuna kilichotengenezwa. Vifaa vidogo vimetolewa nje na mlango ukafungwa taratibu. Ni kama mganga anayeponya kikohozi kwa kumfukuza mgonjwa kwenye foleni.

Haki itendeke: mara nyingine mstari huo ni halali. Kama sehemu husika inahudumia chombo kinachopatikana kwenye kompyuta kubwa tu, hakuna anayeonewa. Na wasimamizi wana jibu lao. Wanasema watu ni wachache, barua za roboti ni nyingi, baadhi zinatokana na mpangilio uliochaguliwa kwa bahati nasibu ambao hakuna binadamu aliyewahi kuutumia, na mashine za zamani haziwezi kubebwa milele. Hilo la mwisho ni kweli. Desemba 2012 Linux iliachana na prosesa ya 386, aina ileile aliyoanzia Torvalds, na dunia haikulia.

Lakini 386 iliondolewa hadharani, kwa badiliko lenye jina lake, kila mtu akiona. WhatsApp nayo ilipoacha simu za Android KitKat Januari 2025 ilitangaza mapema. Mwenye simu alikasirika, lakini alijua kwa nini. Anayefungia bita 32 kwa sababu tu barua ya roboti ilimchosha hajatangaza lolote. Mwenye kisanduku cha wifi huko Kirumba hatajua kamwe kwamba kitu fulani hakikuwahi kufika kwake kwa sababu ya uvivu wa jioni moja. Kama bita 32 zinapaswa kufa, zife mchana, baada ya kuhesabu nani bado anazitumia.

Mwaka 2021 Torvalds mwenyewe alionyesha ukali unaofaa. Alichoka kuona maonyo ya kompaila yakipuuzwa, na mwezi wa Septemba akaamuru kila onyo lihesabiwe kosa linalosimamisha ujenzi. Kelele zikapanda, kwani kwenye prosesa zisizotazamwa sana maonyo yalikuwa yamerundikana, na baada ya siku chache amri ikalegezwa ibaki hasa kwa ujenzi wa majaribio. Wengine waliita huko ni kushindwa. Hata hivyo, kwa siku zile chache kila mtu aliuona uchafu ulipokuwa, na mwingi ulifagiliwa.

Lawama nyingine haiendi ng'ambo. Inabaki hapa, kwa shule za informatika za Butembo na Beni, ambako vijana wanasoma miaka bila kuonyeshwa kwamba mlango huu uko wazi hata kwao. Kutuma marekebisho ya Linux hakuhitaji viza wala barua ya mkubwa. Yanatumwa kwa barua pepe ya maandishi matupu, nyepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Msimbo wenyewe uliobanwa unazidi megabaiti 100, nao unaweza kupakuliwa mara moja usiku na kugawanywa kwa ufunguo wa USB darasa zima. Kompaila ni ya bure. Barua za roboti ziko wazi kwa kila mtu, na kosa lake linasema lenyewe lilipo, jambo ambalo makosa mengine hayafanyi.

Ugumu upo: umeme unakatika, kompyuta ni chache, na kujenga Linux nzima kwenye mashine dhaifu kunaweza kula saa kadhaa. Lakini barua ya roboti inataja faili moja, na faili moja linajengwa peke yake kwa muda mfupi, hata kwa betri ya sola. Mwanafunzi aliyekimbia Kayna na simu ya bita 32 mfukoni ana sababu ya kulitengeneza kuliko mhandisi ambaye hajawahi kuishika simu ya namna hiyo. Na siku mhandisi huyo atakapotuma ule mstari wa kufunga mlango, mwanafunzi anaweza kumjibu palepale, mbele ya wote, kwa mgawanyo ulioandikwa vizuri.