Ngoma ya Utotoni Hukesha

Wahenga walinena kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Siwapingi, maana walikuwa wakisema juu ya mambo yanayoanzwa bila uzito na kuishia njiani. Ila katika suala la muziki wenyewe nathubutu kusema kinyume: ngoma aliyoisikia mtu angali mtoto ndiyo inayokesha ndani yake hadi uzeeni. Nimeona vyema kulizungumza jambo hili mbele ya walimu na wanafunzi, kwa kuwa shuleni ndiko ngoma za nyumbani zinakokutana, na aghalabu ndiko zinakogombana.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Runyenjes, Embu. Marehemu baba alikuwa Mwembu. Mama ametoka Chuka, ng'ambo ya Mto Thuci. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo chao Kigari mwaka 1910, na babu mzaa baba alikuwa tunda la kazi hiyo. Kwake siku haikufungwa bila tenzi. Babu alishika besi, nyanya akaongoza sauti ya kwanza, nasi watoto tukafuata tulivyoweza. Tuliimba kwa lugha ya Wagikuyu, kama walivyofanya Waembu wengi wa kanisa, na nilikuwa nimeshaanza shule nilipotambua kwamba maneno yale hayakuwa ya Kiembu.

Baba naye alikuwa na redio ya betri. Baada ya taarifa ya habari ya Idhaa ya Taifa, iwapo betri zilikuwa zingali na nguvu, tuliachiwa salamu na nyimbo: Joseph Kamaru, Daudi Kabaka, Franco na TP OK Jazz yake. Jumapili alasiri ilikuwa zamu ya kanda ya Jim Reeves, mzaliwa wa Texas, ambaye baba alimpenda kana kwamba walichunga mbuzi pamoja.

Likizo tulipovuka Thuci tulikuta mengine. Ngoma za Wachuka zajulikana Kenya nzima. Ni ndefu, mpigaji huibana baina ya mapaja, ikainama mbele yake, naye huipiga huku mwili mzima ukicheza. Mjomba wangu mmoja alikuwa hodari wa ngoma hizo. Baba hakuzitaka. Aliziita kelele za giza, neno alilolirithi kwa babu, na babu alilipata kwa walimu wake wa dini, kwani wamisionari wengi wa mwanzo waliwakataza waumini ngoma za jadi. Mama hakubishana naye. Lakini baba alipokuwa kazini, mama akingoja githeri ichemke, vidole vyake viligonga ubavu wa debe kwa mapigo yale yale ya kwao. Nadhani hata yeye mwenyewe hakutambua. Mimi nilitambua, na hadi leo mapigo hayo hunifikia tumboni kabla hayajafika kichwani.

Je, mambo haya ni kumbukumbu tu za mtu anayezeeka? Utafiti wasema ni zaidi. Mwaka 2009 wataalamu walilinganisha vilio vya watoto wachanga wa Kifaransa na wa Kijerumani, wenye umri wa siku chache tu, wakaona kwamba kilio cha Mfaransa kilielekea kupanda na cha Mjerumani kushuka, kama zinavyofanya lugha za mama zao. Maana yake, masikio huanza shule tumboni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, Carol Krumhansl na Justin Zupnik, waliwasikilizisha vijana wa chuo nyimbo za miongo kadhaa. Kinyume cha matarajio, vijana hao walivutiwa pia na nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana. Nao utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya Watsimane, watu wa misitu ya Bolivia, ulionyesha kwamba miunganiko ya sauti ambayo Wazungu huiona tamu na ile wanayoiona chungu ilikuwa sawa tu kwa watu hao. Utamu wa muziki, kwa kiasi kikubwa, hufunzwa.

Taaluma yangu ya isimu yaniongezea ushahidi mwingine. Kimeru, Kiembu na Kigikuyu ni lugha za toni: neno lile lile, likipandishwa au kushushwa sauti, laweza kubadili maana. Tenzi zililetwa na tuni zilizokwisha kutungwa Ulaya, kisha maneno yetu yakatiwa ndani yake, na toni ikapuuzwa. Kwa haki, mwenye lugha angepaswa kuzisikia kama usemi wa mgeni. Lakini aliyelelewa nazo hasikii ugeni wowote. Kwangu mimi tuni hizo ni sauti ya babu na harufu ya taa ya mafuta. Mazoea ya nyumbani yameishinda hata sarufi.

Sasa niungame. Si zamani sana nilimkuta mwanangu wa miaka 14 amelala kitandani, simu mkononi, akisikiliza gengetone. Nikamwambia, "Zima hizo kelele za giza!" Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akauliza, "Baba, giza gani?" Nilikosa jibu. Maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya marehemu baba, aliyoyatumia kuikataa ngoma ya mama yangu. Pamoja na mapenzi ya muziki nilikuwa nimerithi pia dharau, nami nilikuwa mbioni kuirithisha.

Lililonichoma zaidi ni hili. Kijana huyo hakuimbiwa tenzi jioni, wala hakupelekwa ng'ambo ya Thuci wakati wa likizo, kwa kuwa baba yake alikuwa akisahihisha karatasi za mitihani. Alipolia akiwa mdogo, tulimpa simu anyamaze. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ngoma yake ya utotoni aliipigiwa na simu, maana sisi hatukumpigia yoyote. Nina haki gani ya kumlaumu kwa kuipenda?

Shule nazo zimo katika lawama. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliuweka muziki katika mtihani wa shule za msingi. Ulipoondolewa humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule nyingi zilikigeuza kipindi chake kuwa cha hisabati. Tumebaki na Tamasha za Muziki, ambazo mizizi yake yafika mwaka 1927. Nazithamini, zimeokoa ngoma nyingi. Lakini mara nyingi watoto hufunzwa ngoma ya jadi kwa majuma machache, wakapewa cheti, mavazi yakarudishwa stoo, na hakuna aliyeuliza nani katika nyumba zao angali akiijua ngoma ile.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, umerudisha sanaa darasani na kumtaka mzazi ashiriki. Tuutumie. Napendekeza kila mwanafunzi aje na wimbo mmoja wa kwao, uwe wa kubembeleza mtoto, wa kuvuna mtama au wa kanda kuukuu ya baba, aeleze nani aliuimba na wakati gani. Usitolewe alama. Wenzake wausikilize hadi mwisho bila kucheka, na mwalimu atangulie kuleta wa kwake.

Yuko atakayesema kwamba kufanya hivyo ni kupanda ukabila darasani. Sivyo. Katika nyumba yetu moja Mwembu alimwoa Mchuka, wakaomba Mungu kwa Kigikuyu, wakapumzika na Wakongo na mtu wa Texas. Nyumba nyingi zi hivyo zikichunguzwa. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 yatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Msingi huo haujengwi kwa kumwaibisha mtoto kwa wimbo wa mamaye. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba muziki anaoupenda ni takataka, huenda bila kujua anamtukana mtu aliyembeba mgongoni.

Nawe mwanafunzi, unapocheka muziki wa nyanya yako, kumbuka kwamba na wako utachekwa. Simu uliyo nayo yarekodi sauti. Nenda ukae naye jikoni jioni moja, umwombe aimbe alichoimbiwa alipokuwa mdogo. Mjomba wangu wa Chuka amekwisha kuzeeka, na mikono yake haina nguvu tena. Likizo ijayo mimi na mwanangu tutavuka Thuci tukamsikilize.