Uuguzi Haujifunzwi kwa Simu Tupu

Wananchi, Machi 2020 korona ilipoingia Unguja, vyuo vilifungwa. Mwanafunzi wa uuguzi akarejea kwao, Paje au Makunduchi, kitabu chake kikawa simu. Bando nani amnunulie? Mama mkulima wa mwani? (Mabwana wa mjini hawaulizi hayo.)

Hata mwenye bando, sindano ataichoma wapi? Mshipa wa mgonjwa hutafutwa kwa vidole, wodini, kama pale Mnazi Mmoja, si kwenye kioo.

Sisi twadai: vyuo vikifungwa tena, Serikali ilipe bando, na mwanafunzi apewe barakoa na glovu, apokewe kituo cha afya kilicho karibu na kwao, chini ya muuguzi mzoefu.

Makatibu wa matawi, orodhesheni wanafunzi wenu sasa, maradhi hayajarudi.