Chungu cha Mtu Mmoja

Katika ukurasa huu twazoea kuongea juu ya chungu cha jamaa kubwa: baba, mama, watoto sita au saba, na mgeni asiyekosekana. Leo twataka kutazama chungu kidogo, cha mtu mmoja. Wanaopika peke yao katika nchi yetu ya Lubero, Butembo na Beni ni wengi siku hizi. Yuko mwanafunzi aliyetoka Kipese au Luhotu, akapanga chumba mjini Butembo apate kusoma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichofunguliwa mwaka 1989. Yuko mwalimu kijana aliyetumwa kufundisha mbali na kwao. Yuko mjane ambaye watoto wake wametawanyika. Tena wako walioachwa peke yao na vita: tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewafukuza watu wengi mashambani mwao, na mwezi wa Juni 2024, Kanyabayonga iliposhikwa na M23, wengine wengi walikimbilia kaskazini, upande wa Lubero na Butembo.

Watu hawa hawana fedha nyingi, lakini hawakosi kuletewa. Kwetu mtu aliye peke yake hasahauliwi upesi. Mama huko Masereka hujaza mfuko wa viazi, akamkabidhi mwenye pikipiki au dereva wa lori, pamoja na maagizo mengi kuliko viazi vyenyewe. Jirani huleta bakuli la sombe. Mkristo wa jumuiya hupita na vichana viwili vya ndizi kichwani, akasema, “Hizi zimezidi kwangu,” ijapo pengine hazikuzidi. Basi, zawadi ikiisha kufika, twaifanya nini? Twasema bila kuficha: mara nyingi twaitendea vibaya, na kwa namna mbili zilizo mbali sana.

Namna ya kwanza ni ya vijana. Mfuko wafika Jumamosi, wafurahiwa, wawekwa karibu na dirisha, kisha wasahauliwa. Juma zima kijana hula mkate na chai, au hununua maandazi njiani akienda chuoni, kwani kumenya viazi kwamchosha. Siku fedha zinapokwisha, aufungua mfuko na kukuta viazi vya kijani vyenye macho marefu. Afahamu kwamba kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani na kufanya sumu ndani yake. Si uchungu wa ulimini tu, hakifai kuliwa. Kama angaliuweka mfuko ule penye giza, pakavu, penye hewa kidogo, pengine juu ya vipande viwili vya mbao ili usigusane na sakafu, viazi vingalimngoja. Na afanye hesabu ndogo. Mfuko wa kilo 20, mtu mmoja akila nusu kilo kila siku, wamtosha siku 40. Siku 40 ni karibu nusu ya muhula! Kijana mwenye chakula cha nusu ya muhula chini ya kitanda, naye aenda kukopa mkate dukani.

Wengine huuza. Mfuko haujalala hata usiku mmoja, nao umekwisha kwenda sokoni ili upatikane muda wa simu. Hapa sisi hatutaki kupiga kelele kama wazee wengine. Kijana akipewa viazi vingi kuliko awezavyo kula, akauza robo ili anunue chumvi, mafuta na makala ya kupikia robo tatu zilizobaki, ametenda kwa akili. Lakini na amwambie mama yake. Mama akijua kwamba mafuta ndiyo yanayokosekana, safari ijayo atapunguza viazi na kutia chupa ya mawese. Asipojua, atazidi kubeba mgongoni mzigo mzito ambao mwanawe auza kwa bei ya kutupa. Mzigo huo leo wagharimu kuliko zamani, kwani katika vijiji vingi mashamba ya mbali yameachwa kwa hofu, na mtu hulima karibu na nyumba tu.

Namna ya pili yatusikitisha zaidi, nayo ni ya wajane na wote waliozoea kupikia wengi. Huyu hasahau zawadi, huigawa yote. Ndizi zikifika, watoto wa jirani huitwa. Maharagi yakifika, nusu yaenda kwa wakimbizi waliopanga nyuma ya nyumba, nusu kwa shemeji. Jioni mwenyewe akoroga chai, akaingia kulala. Ukimwuliza, ajibu: “Nimpikie nani?” Jibu hili tumelisikia mara nyingi, nasi hatulikubali. Ukarimu ni kitu chema, na katika miaka hii ya vita ukarimu wa nyumba maskini ndio uliowalisha wakimbizi wengi. Lakini aliyeleta ndizi alizileta ili wewe ule. Alikuona umekonda. Akisikia kwamba hukuonja hata moja, je, atafurahi? Mjane aliyepika miaka 30 kwa ajili ya mume na watoto hakupoteza ustadi wake siku ya mazishi. Apike, akae kwenye meza au mkeka, apakue katika sahani safi kama ampakuliavyo mgeni. Ndipo atakapogawa kilichozidi, akiwa ameshiba.

Tena yafaa kujua kugawa. Watu wengi hugawa kinyume: huweka samaki mbichi na kutoa maharagi makavu. Mtu aliye peke yake agawe siku ile ile zawadi ilipofika, tena aanze na kile kitakachoharibika kwanza. Samaki wa Ziwa Edward aliyetoka Kyavinyonge asubuhi hangoji kesho. Mkate nusu, nusu nyingine ikaangwe au ikaushwe juu ya moto. Lenga-lenga kadhalika, na maziwa, na parachichi zilizokwisha lainika. Lakini maharagi makavu ni akiba. Yaanikwe vema juani, yachanganywe na majivu kidogo kama walivyofanya mababu ili yasiingiwe na wadudu, yafungwe katika kopo. Mkungu wa ndizi una werevu wake: ukiungoja uive wote, utaiva kwa siku tatu na kukushinda. Kata vichana viwili ungali mbichi upike na maharagi, viwili mpe jirani, na vilivyobaki uviache viive. Parachichi ngumu waweza kuziharakisha kwa kuzifunga katika mfuko pamoja na ndizi moja mbivu. Zile usizozihitaji ziache mbali na ndizi hizo.

Na kuku? Kuku hai ni ghala lenye miguu. Usimchinje kwa kuwa tu ameletwa. Akiwa mtetea, mayai yake yatakulisha kuliko nyama yake. Ila kama umepanga chumba kimoja, na jirani amekwisha kulalamika mara mbili juu ya kinyesi mlangoni, basi mchinje Jumapili na umwite jirani yule yule. Nyama ya kuku mzima haimfai mtu mmoja asiye na friji. (Neno moja kwa walimu, katika mabano: kuku anayeletwa katika juma la mitihani si zawadi. Mrudishe, akiwa mzima.)

Sasa tuje sokoni. Kosa kubwa la anayepika peke yake ni kwenda sokoni kabla ya kutazama kile kilichomo nyumbani. Zawadi ndiyo ianze kusema, soko lijibu. Una viazi? Basi usinunue unga leo. Nunua kitunguu, nyanya mbili na ndagala kavu kidogo. Una maharagi? Tafuta mafuta na majani. Una sombe iliyotwangwa? Hapo ndipo unga wa muhogo unapohitajiwa, kwani sombe bila ugali, ule ambao Wanande huuita obundu, ni kama harusi bila bibi arusi. Lakini sombe ichemshwe muda mrefu, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu ambayo kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa.

Juu ya bei, wengi wabishana. Mmoja asema: nunua kidogo kidogo, usipoteze. Mwingine asema: fungu dogo ni ghali, nunua kingi. Wote wawili wana haki, ila si juu ya kitu kimoja. Chumvi, sabuni, mawese na maharagi hukaa. Ununue kingi kadiri ya mfuko wako, au mshirikiane wapangaji watatu kununua dumu moja la mawese yaliyopanda kutoka upande wa Beni, mkayagawa kwa chupa. Nyanya, majani na samaki havikai. Ununue vya siku moja, tena ukiweza uende jioni, wakati mama muuzaji afikiria safari ya kurudi kwake na hapendi kubeba nyanya zilizolainika. Usimkandamize kupita kiasi. Naye huenda apika peke yake.

Lakini kitu kinachomla mwenye chungu kidogo, naye hakioni, ni makala. Mbabula haijui kuhesabu watu: maharagi ya mtu mmoja yahitaji moto ule ule wa maharagi ya watu sita. Kwa hiyo yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uyachemshe katika maji mapya, chungu kikifunikwa. Usipike kikombe kimoja kila siku. Pika vikombe viwili mara moja. Kikombe kimoja cha maharagi makavu hutoa karibu vitatu vilivyoiva. Siku ya kwanza ule pamoja na viazi. Kesho yake yaponde, uyakaange kwa kitunguu na mawese, ule na ugali. Siku ya tatu yatie katika lenga-lenga na ndagala. Asubuhi na jioni yachemshwe hata yatokote, na yakibadili harufu yatupwe bila huruma. Hayo ni ya Butembo na Lubero, kwenye baridi. Butembo yenyewe iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko Beni, ambako ni chini zaidi na joto ni kali, usiyaweke kupita kesho yake.

Ndiyo maana twapenda kuona wapangaji wawili au watatu wakipikiana: leo moto wako, kesho wangu. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, tulizuiwa kushikana mikono, na wengi wakaogopa hata sahani ya pamoja. Hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini wengine walibaki na mazoea ya kufunga mlango wakati wa kula, ijapo ugonjwa ule ulikwisha. Chungu kimoja chaweza kupakuliwa katika sahani tatu, kila mtu na kijiko chake, na mlango ukawa wazi.

Imebaki habari ya kikapu. Aliye peke yake huona haya kurudisha kikapu kitupu, na haya hiyo humfanya wakati mwingine akwepe hata kupokea. “Nitamlipa nini?” Neno la Kinande, wasingya, lamtosha mtoaji kwa siku ile. Lakini kikapu kikirudi, tia kitu kidogo ambacho kwake ni shida kukipata: kwa mama wa kijijini, sabuni au chumvi, kwa jirani wa mjini, parachichi mbili. Wazee wetu walishuka milimani na vyakula hata Katwe, upande wa Uganda, wakarudi na chumvi. Mama wa Masereka akikuta chumvi katika mfuko wake uliokunjwa hatauliza maana yake.

Na wewe mjane, shuka sokoni ukanunue sufuria ndogo. Ile kubwa ya watu kumi iweke juu ya rafu, itashuka siku watoto watakapokuja. Katika sufuria kubwa, viazi vitatu huonekana kama huzuni. Katika ndogo, ni chakula.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kuanika majani ya maharagi na kunde kwa ajili ya kiangazi.