Saratani ya matiti: nyumba hujaa wiki ya kwanza, mwezi wa tano hakuna mtu

Kila Oktoba Mombasa huvaa waridi. Watu hutembea, fulana hugawanywa, viongozi hupigwa picha, na redio zetu hutukumbusha tujikague matiti. Ni jambo jema na liendelee. Miezi iliyobaki mjadala huwa ni pesa: SHA inalipa nini na inaishia wapi. Huo nao ni mjadala wa haki. Mfuko ulipoanza Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Aliyewahi kuuguza anajua jinsi zinavyoyeyuka.

Nisilolisikia sana ni moyo wa mwanamke anayetibiwa. Na hilo si jambo la pembeni, kwa sababu mgonjwa akivunjika moyo katikati huacha dozi, na ugonjwa hupata nafasi.

Matibabu haya ni marefu. Kemo mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki 3, kwa miezi. Wiki mbili tatu baada ya dozi ya kwanza, nywele hubaki kwenye kitana. Kuna upasuaji, na wengine hutolewa titi zima. Kuna mionzi, siku 5 kwa wiki. Siku hizi mionzi inapatikana Mombasa, alhamdulillahi, hatupandi tena basi la usiku kwenda Kenyatta. Lakini mama wa Malindi bado yuko kilomita 120, kwa hivyo huhamia kwa jamaa na kulala sebuleni kwa watu kwa wiki kadhaa.

Sasa tujitazame sisi. Pwani tunajua kukusanyika. Habari ikitoka, nyumba hujaa machungwa, uji, zamzam na dua, na hakosi yule mwenye mizizi iliyomponya mtu wa Kisauni. Wiki ya tatu wanapungua. Mwezi wa tano, mwili umechoka na kucha zimekuwa nyeusi, simu hailii. Hijabu nayo huficha kichwa kisicho na nywele, hivyo jirani akimwona sokoni hudhani amepona.

Mamangu mdogo alitibiwa miaka miwili iliyopita, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Siku moja kwenye foleni aliniambia, "Mwanangu, kila ajaye huniambia nisubiri. Subira ninayo. Nataka mtu nimwambie naogopa." Aliyemsikiliza hasa alikuwa mwanamke waliyeketi naye benchi moja, Mkristo wa Rabai, aliyemtangulia dozi mbili. Alimweleza kwamba baada ya ile dawa nyekundu mkojo utabadilika rangi, asishtuke. Akamfundisha kumung'unya barafu dawa ikiingia, ili mdomo usifanye vidonda. Kisha wakalia pamoja. Mpaka leo hupigiana simu.

Kwa nini jambo kama hilo liachiwe bahati? Nchi hii ilishajifunza somo hili kwenye Ukimwi. Akina mama wanaoishi na virusi waliwekwa kliniki kuwashauri wajawazito waliopimwa juzi, na walisaidia wengi wasiache dawa. Kwa saratani, muuguzi mmoja mwenye daftari angeweza kuanza: nani amemaliza matibabu, yuko radhi kuzungumza, anaishi wapi. Halihitaji jengo wala tenda, na labda ndiyo maana halina mwenyewe.

Maimamu wetu nao wana kazi. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, basi mgonjwa anayelia asiambiwe ana upungufu wa imani. Na Ramadhani isemwe wazi kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, maana wapo wanaofunga kwa kuona haya tu. Waume sitawalaumu wote. Wengi wanaogopa kama wake zao, ila hakuna darsa inayowafundisha kumwangalia mke kwenye kovu bila kugeuza macho.

Kwa vikundi vya akina mama, ombi langu ni dogo. Mkipanga zamu za kumzuru mgonjwa, msizimalize mwezi wa kwanza. Wekeni mmoja wa kwenda naye kliniki na mmoja wa kukaa na watoto, mpaka dozi ya mwisho. Nanyi mliomaliza matibabu, mkirudi kupimwa mwachieni muuguzi namba zenu. Mamangu mdogo ameshaiacha yake.