Amana ya Mapangoni na Dhamana ya Askari

Askari hukabidhiwa vitu vingi: bunduki, ghala, mahabusu, nyaraka za Serikali. Kila kimoja huandikwa daftarini, na kikipotea yuko mtu wa kujibu. Je, akikabidhiwa kasha la mifupa ya kale, atajua thamani yake?

Huko China, kiasi cha kilomita 50 kusini-magharibi ya Beijing, pana mapango ya mawe ya chokaa yaitwayo Zhoukoudian. Tarehe 2 Desemba 1929, mtaalamu Pei Wenzhong alifukua humo fuvu la binadamu wa kale, aliyeishi miaka laki kadhaa iliyopita. Kufikia 1937 yalikuwa yamepatikana masalio ya watu wapatao 40.

Mwaka 1941, vita vilipokaribia, mifupa hiyo ilifungwa makashani, ikakabidhiwa askari wa majini wa Marekani ili isafirishwe ng'ambo. Mwezi Desemba askari hao walitekwa na Wajapani. Makasha hayajaonekana hata leo. Zilizosalia ni nakala za plasta. Na vipande vya fuvu vilivyofukuliwa pangoni mwaka 1966 vilioana na mojawapo ya nakala hizo. Tangu 1987 mahali hapo pamo katika orodha ya urithi wa dunia, lakini mafuvu yale ya kwanza hayapo.

Huenda msomaji akasema kwamba vitani mtu huokoa roho kwanza, si mifupa. Ni kweli, wala hatuwalaumu mateka. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kujiandaa mapema. Mkataba wa The Hague wa 1954 unazitaka nchi zilizoukubali ziingize katika kanuni za majeshi yao, wakati wa amani, amri za kulinda mali ya utamaduni. Amri inayoandikwa mizinga ikilia imechelewa.

Kwa hiyo, ndugu askari, yafaa somo hili lifundishwe vyuoni mwetu sambamba na shabaha. Pango lenye masalio ya kale lisigeuzwe ghala la risasi wala kambi. Na polisi akamataye mifupa ya namna hiyo mpakani asiitupe kama takataka: aiandike, aifunge vizuri, aifikishe kwa wataalamu wa makumbusho, na apewe hati ya kupokelewa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bunduki iliyopotea hununuliwa nyingine. Fuvu lile halina duka.