Manjano Yanapofukuzwa Jikoni

Imeingia visiwani ada mpya ya majiko. Mwenye kujenga leo, awe Unguja, Pemba au Lamu, aweza kuhamia katika nyumba isiyopigwa lipu, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati, wala asione haya. Lakini jiko lake likiwa na rangi zaidi ya mbili, ataliombea radhi kwa wageni. Makabati yawe meupe, jiwe la kukatia liwe la kijivu, ukuta uwe mweupe, sakafu iwe ya kijivu, na kila chombo kifichwe nyuma ya mlango usio na kishikio. Huu, twaambiwa, ndio urari wa rangi. Wasomaji wa kurasa hizi wanalijua neno urari, na wanajua kuwa halitolewi bure. Mimi nasema jiko hilo halina urari wowote, na hoja zangu ni hizi.

Tuanze na lugha, maana ni shahidi asiyehongeka. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazokubali kufuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa hoja kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Wapo waliosikia hivyo wakahukumu kuwa lugha yetu ni maskini wa rangi. Hao hawakuingia jikoni. Rangi nyingine Mswahili alizitwaa kutoka kwenye vitu, na vingi katika vitu hivyo viko hatua tatu kutoka mekoni. Manjano ni bizari. Kahawia imetoka kwenye kahawa. Kijivu ni jivu, kijani ni jani, zambarau ni tunda na chungwa ni tunda. Maji ya kunde ni yale yanayobaki kunde zikichemshwa, nasi tumeyapa heshima ya kusifia sura ya binadamu. Samawati, nakiri, imeshuka kutoka mbinguni, na urujuani ulikuja na Kiarabu. Lakini ukizihesabu utaona kuwa jiko limeipa lugha hii rangi nyingi kuliko bahari ilivyoipa, jambo la ajabu kwa watu wa visiwani.

Sasa jiko hilo hilo linakwenda kuomba rangi katika kijitabu cha dukani. Nakijua kijitabu hicho, kwani muuza rangi mmoja aliwahi kunipa nikifasiri. Kilikuwa na weupe wa namna kumi na moja: weupe wa theluji, weupe wa pembe, weupe wa ganda la yai, weupe wa ukungu, na kadhalika. Nilipofika weupe wa tano nilimwuliza ni mteja gani wake aliyepata kuiona theluji. Akacheka: “Maalim, watu hawanunui rangi, wananunua jina.” Kijivu nacho kilipewa ukurasa mzima. Jivu lenyewe limefukuzwa jikoni pamoja na meko, kisha jina lake linauzwa kwa kopo! Manjano yalikuwa namna moja tu, tena hafifu, yakifichwa chini ya jina la siagi.

Mafundi wa mapambo wana kanuni wanayoinukuu kama aya: sehemu 60 katika 100 ziwe za rangi kuu, 30 za rangi ya pili, na 10 za rangi ya kunogesha. Mimi si adui wa kanuni. Sikupata kuwa katika kundi linalodai kuwa vina ni pingu, na mizani nane kwa nane nazihesabu hata usingizini. Lakini mizani huhesabiwa juu ya maneno yanayotamkwa. Hesabu ya 60, 30 na 10 hufanywa jiko likiwa tupu. Hakikuhesabiwa chungu cha mchuzi wa papa, wala sinia la maembe, wala kawa la ukili uliotiwa rangi, seuze mpishi mwenyewe na kanga zake. Vikiingia hivyo hesabu inavurugika, na badala ya kuirekebisha hesabu, fundi anataka vitu vitoke. Ni kama mshairi aliyechagua vina kwanza, kisha akawakataza watu kusema neno lisiloishia kwa kina chake.

Hata hao tunaodhani tunawaiga hawakufanya hivyo. Mchoraji Claude Monet, aliyeishi Giverny nchini Ufaransa tangu 1883 hadi alipofariki mwaka 1926, aliliezeka jiko lake kuta kwa vigae vya buluu na nyeupe vya Rouen, na sufuria za shaba zikatundikwa waziwazi. Chumba cha kulia kilicho jirani kilikuwa cha manjano tupu, na kutoka humo buluu ya jikoni huonekana mlangoni. Mtu yule aliwaza njano, buluu na shaba kwa pamoja, chakula kikiwa njiani kutoka chumba kimoja kwenda cha pili. Mwaka 1926 huo huo, Bibi Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa Frankfurt, na yakajengwa yapata 10,000. Makabati yake yalipakwa buluu kwa sababu iliaminiwa kuwa nzi huikimbia rangi hiyo. Imani hiyo iwe sahihi au isiwe, rangi ilikuwa na sababu, na sababu ilitoka kwenye kazi ya kupika.

Watanijibu kwamba weupe ni urithi wetu, kwani nyumba za mawe zilikuwa nyeupe kwa chokaa. Jawabu hili limekosea chumba. Weupe wanaoukumbuka ni wa zidaka, katika vyumba vya ndani, ambamo vyombo vya Kichina vilipangwa ili vionekane. Jiko la Lamu lilikuwa juu darini, chini ya makuti, moshi upate njia. Tena chokaa si rangi ya plastiki. Chokaa hupumua pamoja na jiwe la matumbawe. Rangi ya plastiki juu ya saruji huufungia unyevu ukutani hata lipu ikabambuka. Ukuta wa chokaa hupakwa upya kila inapobidi, kwa hiyo doa la mchuzi si msiba wa kufungiwa kikao. Na kwa wasiojua: koroga manjano katika chokaa iliyoloweshwa, uone yanavyogeuka mekundu. Watafuna tambuu hawatashangaa.

Hayo ni ya macho. Lililonikera hata nikashika kalamu ni jingine. Nenda katika nyumba hizo saa tano asubuhi, uulize chakula kinapikwa wapi. Utapelekwa nyuma, kwenye banda la mabati, penye seredani za mkaa na kinu na mbuzi ya nazi. Jiko jeupe lina birika la umeme na bakuli la matunda yasiyoliwa. Anayepika, awe mke, mkwe au binti wa kazi, anavuta moshi bandani ili kabati lisitiwe doa. Weupe ule unalindwa kwa mapafu ya mtu.

Sidai turudi kwenye mafiga. Gesi ni neema na bomba la maji ni neema. Lakini mwenye kutaka rangi zipatane na aanze na zile asizoweza kuzibadilisha. Ayatie manjano, ukwaju, kunde, pilipili na karafuu katika visahani, avipange kwenye dirisha la jiko adhuhuri, atazame ni ukuta wa namna gani utakaovibeba. Ataona, nadhani, kuwa chokaa iliyotiwa udongo mwekundu kidogo yatosha, na sakafu nyekundu ya saruji, na rafu za mvule zinazozidi kuiva kila mwaka, na sufuria zitundikwe. Na mpishi aulizwe kabla ya fundi, kwani yeye ndiye atakayesimama hapo kila siku, jua likiwa utosini na vidole vyake vikiwa na manjano.